Mukeka ya Kasha

Bukavu, tarehe 9 mwezi wa ine 1975

Yaya Ignace, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, weye na bibi yako na batoto. Joto ya Kinshasa inawatendea namna gani? Mimi niko muzima, ni mwili tu unachoka. Inje ya ambulope ya hii barua niliandika jina yako ya asili, Mushagalusa, juu posta haitaki tena majina ya ubatizo. Lakini humu ndani unabakia Ignace wangu.

Ulisikia kama Papa yetu alikufa hospitali, na kilio ilifanyika kwa nyumba yake mupya ya mutaa wa Kasha, ile alijenga kule chini bondeni. Lakini vile vilifuata, hakuna mutu alikuandikia vyote. Sikia basi.

Unajua desturi yetu: wakati wa kilio wote wanalala chini kwa mikeka, na mujane njo wa kwanza. Maman, na ile nyonga yake ilivunjikaka, hakuweza. Alilala kwa kitanda, na aliona haya sana. Siku ya kwanza wengi waliamuka na kichwa inawauma. Siku iliyofuata tantine Valérie, aliyelala kwa pembe karibu na ukuta, hakuamuka. Hakuwa na kidonda, hakuwa na homa. Tukamulilia mule mule, na Aloys, mutoto wa tonton Grégoire, ndugu ya Papa, akalala pale pale. Na yeye hakuamuka.

Tonton akasimama mbele ya watu wote. Akasema mulozi, mwenye kutuua kwa uchawi, ni ule anayelala juu wakati wengine wanakufa chini, na mulozi hatazikwa kando ya ndugu yake. Yaya, Maman hakujitetea. Alishika tu rozari.

Mulikuwa munanicheka tangu utoto, juu nilikuwa nauliza moshi inaenda wapi na samaki analalaka saa ngapi. Leo nafundisha sayansi, na wanafunzi wananiuliza vile vile. Nikaona vifaranga vimekufa kwa ile pembe. Basi nikawasha buji, mushumaa tu, muchana kweupe, wote wakiangalia. Kwa kitanda iliwaka vizuri. Nikaishusha pole pole, na karibu na mukeka ikazimika, bila upepo, sawa mutu ameibana na vidole. Nikawaeleza kama udongo yetu ya volkano inatoa hewa nzito, haina harufu wala rangi, inashuka kama maji mpaka mahali pa chini, na mwenye kuivuta mule anakufa. Tonton akajibu kama sasa amejionea mwenyewe: ni pumzi ya mulozi inatoka kitandani. Aka! Nilikasirika mpaka nikalia. Lakini woga iliwaingia, wote wakahamia kwa jirani.

Maman alikataa kutoka, juu mujane haachi nyumba ya kilio. Nikaona si mubaya, kwa kitanda hewa iko nzuri.

Yaya, sasa nafika kwa neno ambalo mukono inakataa kuandika. Maman, ambaye maisha yake yote hakuniuliza swali hata moja, jioni ile aliniuliza. Alitaka kujua kama mutu akivuta ile hewa anasikia maumivu. Na mimi, kwa furaha ya kuulizwa, nilimujibu kama niko darasani: hapana, Maman, ni usingizi tu. Akanishukuru, akasema kweli nimesoma vizuri.

Asubuhi tulimukuta chini kwa mukeka, amejifunika muzuri, rozari mukononi. Hakuna mutu alimushusha. Tonton alilia kwa sauti kubwa, akasema kama angekuwa mulozi, hewa yake isingemuua. Tulimuzika kando ya Papa.

Sasa tonton anasema nyumba imetakata kwa kifo ya Maman, na wewe mutoto wa kwanza njo utalala mule kumaliza kilio. Kwa ile pembe kuna mukeka imetandikwa. Naiondoa asubuhi, jioni naikuta tena, na kila mutu anaapa hakuigusa. Tafazali, ukifika usilale chini, hata wakikuita mwoga, hata wakikuita mulozi.

Salimia batoto, uwabusu kwa niaba ya tantine yao. Mungu akulinde njiani.

Mudogo wako,
Jeanine