Bote Babili: Kwa Papa, Juu ya Lile Pambano la Wajapani

Mpendwa Papa, baba yangu,

Nakuandikia nikiwa Goma, kwenye kiti cha saluni, kichwa kimesukwa nusu. Usicheke. Nimemwomba Mama Furaha, msusi wangu, anipe kalamu na dakika chache, maana nikingoja mpaka nifike nyumbani nitalia njiani na watu watadhani nimefiwa tena.

Mama Furaha ana televisheni ukutani na anapenda mieleka kuliko anavyompenda mumewe. Leo aliweka pambano la zamani la Wajapani. Sikulijali. Kisha nikamwona mtu mfupi, mpana, mwenye bandeji kwenye paja la kushoto na mkanda wa dhahabu begani, na mbele yake yule mrefu wa viatu vyekundu. Nikasimama na kitana kikiwa bado kichwani.

Watu hao wawili niliwahi kuwaona mara moja tu, Mweso, wakati wa vita, Jumapili moja baada ya misa. Banda la video lilikuwa la Papa Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo, lakini aliyewaleta watu ni wewe. Asubuhi ulikuwa katekista, mchana mfasiri wa kaseti. Kijapani hukukijua hata neno moja, na hakuna aliyekudai ukijue. Wafasiri wengine walisimama mbele ya televisheni wakabuni chochote kilichowajia mdomoni. Wewe kila Jumamosi ulikwenda dukani kwa Papa Kambale, ukaangalia kaseti nzima peke yako, ukaandika kwenye daftari la katekisimu nani kafanya nini. Ulisema mtu anayewafundisha watoto amri za Mungu asubuhi hawezi kuzivunja mchana kwa sababu ya Wajapani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na niliona unajitesa bure.

Jumapili ile banda lilijaa mpaka mbao za ukuta zikalia. Upande wa kulia walikaa wachimbaji wa madini wa Rubaya waliokuwa wakipita na mizigo yao. Kushoto walikaa vijana wenye silaha, saba au wanane, bunduki zao katikati ya magoti. Nilikuwa mlangoni na nilitamani kurudi nyumbani, lakini wewe uliwasalimu wote kwa adabu ile ile na ukaanza kazi. Yule mfupi ukamwita Mwenye Mukanda, mrefu ukamwita Mugeni. Vijana wa bunduki wakamchagua Mwenye Mukanda papo hapo. Wachimbaji wakamchukua Mugeni, kwa sababu dakika ya kwanza tu alimbeba mwenzake mabegani, na wao mtu anayejua kubeba wanamheshimu.

Leo nimeliangalia tena lote, na niseme ukweli, lilikuwa pambano la kweli. Unakumbuka walivyopigana makofi ya kifua? Mmoja anapiga, halafu anasimama wima na kutoa kifua chake ili naye apigwe, zamu kwa zamu, mpaka ngozi inakuwa nyekundu kama nyama ya buchani. Mugeni alifanya kosa ambalo hata mimi nililiona siku ile. Aliuonea ule mguu wenye bandeji robo saa nzima, Mwenye Mukanda akawa anachechemea, kisha akauacha akaanza kutafuta sifa kwa kuruka kutoka juu ya kamba. Angeendelea na mguu angekwenda kwao na mkanda. Mwenye Mukanda naye alikuwa na kichwa cha jiwe. Alirushwa kinyumenyume akaangukia shingo, mwamuzi akahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu bega likainuka. Mara nne hivyo. Watazamaji wale wa Kijapani wanakaa kimya kama wako kanisani, halafu wanapiga kelele wote mara moja na kukanyaga sakafu.

Sisi hatukukaa kimya. Paji la uso la Mwenye Mukanda lilipopasuka na damu ikashuka, kijana mmoja alisimama na bunduki yake, akakuamuru, "Papa, ambia uyu mutu asimame." Mchimbaji mmoja akacheka. Kicheko kile nimekisikia miaka yote hii. Kijana akageuka kumtafuta aliyecheka, wachimbaji nao wakasimama, na katika dakika hiyo hiyo jenereta likakohoa na kuzima. Picha ikaondoka. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na kwa sababu barabara ya Kitshanga ilifungwa, hapakuwa na tone jingine Mweso nzima.

Watu zaidi ya mia wakabaki katika kiza cha banda wakikudai mwisho. Walijua umeiona kaseti. Ulifunga daftari lako. Kisha ukasema, polepole, kwa sauti yako ya sakristia:

"Kengele inalia. Wakati yao inaisha. Bote babili banabakia bamesimama, hakuna mwenye alishindwa."

Mmoja wa vijana akapinga kwamba mkanda uko mmoja na watu ni wawili. Ukamjibu kwamba mkanda unabaki kwa mwenyewe, maana hajashindwa, na Mugeni anakwenda kwao na heshima yake, maana naye hajashindwa.  Kisha mchimbaji mmoja akasema, "Basi njo vile," yaani ndivyo ilivyo, akabeba mzigo wake akatoka. Vijana nao wakatoka, wakibishana kuhusu ule mguu. Hakuna aliyepigwa hata kofi. Mama aliponiona nikiingia nyumbani alikaa chini na kushika miguu yangu yote miwili.

Ndipo shida yako ilipoanza. Mji mzima ulikusifu kwa uongo mzuri. Papa Kambale alikuletea kuku kushukuru kwa hekima yako. Ukamweleza kwamba si hekima, ndivyo kaseti ilivyoisha, naye akakukonyeza. Wiki tatu baadaye Mweso ikakimbia, banda likaungua na kaseti ndani yake, na hata kule Walikale tulikokwenda kwa miguu, wakimbizi wenzetu walikuita Papa Bote Babili, Papa Wote Wawili. Walikupenda, Papa. Lakini waliogombana walikuja kwako wakicheka, wakikuomba uwatungie mwisho kama ule wa Wajapani, na niliona jinsi ulivyoinama.

Mimi ndiye niliyekuwa mbaya kuliko wote. Ulipolala kwa ugonjwa wako wa mwisho, nilikushika mkono nikakuambia usiogope, Mungu atakusamehe lile neno, uliokoa watu. Ukafungua macho. Ukasema, "Sikudanganya, mama. Niliona na macho yangu." Uliniita mama kama siku zote, bila hasira. Nami nikakupapasa kichwa kama mtu anayembembeleza mtoto, nikasema ndiyo, Papa, ndiyo.

Nilijua kuhesabu. Watu wawili, mkanda mmoja, bunduki saba au nane, na mwisho unaomridhisha kila mtu. Nani angeamini? Ulipokufa nilikwenda kwa padri nikaomba misa, na nia niliyoandikisha ilikuwa msamaha kwa uongo wa marehemu baba yangu. Kanisa zima lilikuombea. Nilitoka nimejisikia binti mwema.

Leo, Papa, kwenye kona ya juu ya picha kulikuwa na saa ndogo. Sikuiona Mweso, televisheni ile ilikuwa na mistari. Ilipofika dakika ya sitini kengele ikalia. Mwenye Mukanda alikuwa amemshika Mugeni shingo, na Mugeni alikuwa anajivuta kuelekea kwenye kamba. Mwamuzi akawatenganisha. Wakasimama wote wawili, kwa shida, wakashikana mabega ili wasianguke. Mkanda ukarudishwa kwa mwenyewe. Mugeni akainama kuwasalimu watu, nao wakampigia makofi akitoka.

Nilipiga kelele mpaka Mama Furaha akaangusha uzi. Nimelia na nimecheka, na nimepumua kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha hivi tangu tulipotoka Mweso. Hukutunga kitu. Watu walikwenda nyumbani wakiwa hai kwa sababu uliwaambia ulichokiona, na ulikiona kwa sababu Jumamosi ulikaa ukaangalia mpaka mwisho.

Nimempigia Mama simu. Amesema yeye alijua siku zote, na kwamba mimi sikumuuliza.

Kesho asubuhi nakwenda parokiani kuandikisha misa nyingine. Padri akiuliza nia, nitamwambia tumwombee mtu aliyemwita baba yake mwongo mbele ya Mungu, na mtu huyo yuko hai, ndiye mimi niliyesimama mbele yake.

Lala salama, Papa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza