Kitufe Nilichokificha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. U hali gani, na shemeji, na wale mapacha watundu? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unanisuta. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kujificha.

Najua Mama amekataa kupasuliwa jicho Ijumaa mpaka anione kwanza. Na mimi nimekujibu mara tatu kwamba mkuu wa ofisi ameninyima ruhusa. Hebu nikueleze.

Unajua kazi yangu ni kutunza michoro ya majengo kwenye kompyuta. Miaka minne iliyopita niliweka programu ya kufungulia mafaili, na programu hiyo, dada, inakubali kila unachotaka! Nikaligawa dirisha lake mara nne. Michoro ya shule nikaipa kijani, ya madaraja nyekundu. Majina marefu nikayaficha, kila kazi, kama kutafuta au kuhamisha, nikaipa herufi yake ya kubonyeza. Hata kurasa za mtandao nazifungulia humohumo. Mhandisi akiulizia ngazi za jengo fulani, hajamaliza kukohoa mchoro uko mbele yake. Wakaniita Fundi Vitufe. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Tatizo, hakuna mwingine anayeiweza. Mwezi uliopita niliugua siku moja, karani akakalia kiti changu. Akabonyeza herufi akidhani anatafuta, kumbe mimi nilishaifanya ya kuhamisha. Daraja zima likahamia kwenye folda ya vyoo vya shule! Nilipigiwa simu kitandani mara kumi na moja. Tangu siku hiyo hata chakula cha mchana nakulia hapahapa mezani, na chooni naenda mbio. Mkuu akaniambia niandike maelekezo ili wenzangu wajifunze. Nilipofika ukurasa wa arobaini nikagundua hata mimi sikumbuki kwa nini nilipanga hivyo.

Sasa ukweli, dada. Mkuu hakuninyima ruhusa. Sikuwahi kuomba. Programu ina kitufe kimoja kinachoirudisha kama ilivyokuja, mtu yeyote akaiweza. Nilikijua siku zote; mimi mwenyewe ndiye niliyekificha. Niliogopa kwamba nikikibonyeza nikaondoka, nitarudi nikute hawanihitaji. Nikamwacha Mama ananisubiri na jicho lake bovu kwa ajili ya rangi na herufi. Naona haya, wallahi.

Leo asubuhi nimekibonyeza. Miaka minne imefutika kufumba na kufumbua. Karani amekuja, ametafuta mchoro wa kwanza, ameupata kwa dakika tatu, kisha ameniuliza mbona nilikuwa nawatesa. Nimeondoka hapo moja kwa moja kwenda kuomba ruhusa. Mkuu amesaini ruhusa yangu bila hata kuinua uso.

Barua hii nampa kondakta wa basi la leo. Mimi nafika Alhamisi mchana. Wasalimie shemeji na mapacha. Mama mwambie kila kitu, usimfiche. Akitaka kunigombeza, anigombeze akiwa ananitazama.

Ni mimi, mdogo wako asiye na kisingizio tena,
Kitindamimba