Barakoa Niliyomvisha Mwanasesere

Mama Watoto,

Maharage yameiva, jiko nimezima. Fundi bomba anakuja saa nane, muoneshe sinki linalovuja.

Asubuhi umeondoka bila kuniaga, na una haki. Umefunua shuka ukakuta ile mashine ya kunipulizia hewa usingizini inanguruma, barakoa yake nimemvisha mwanasesere wa binti yetu. Wiki tatu umelala chumba cha watoto ukisikia mlio ule, ukajua mumeo anapumua vizuri. Kumbe anayepumua vizuri ni mwanasesere.

Sikukudharau. Nikiivaa, nahisi nimefungiwa ndani ya pipa. Nikiivua, koo linajiziba, nagutuka kutafuta pumzi. Mara thelathini kwa saa, daktari alisema, na kukicha sikumbuki hata moja. Moyo ndio unaokumbuka, ndiyo maana presha haishuki. Huku nabanwa, kule nakabwa.

Kuna jambo hukuuliza. Jana nilisinzia kwenye usukani wa basi, kwenye taa nyekundu, na watoto wa shule ishirini na mmoja nyuma yangu. Waliniamsha kwa kuimba. Walidhani nawatania.

Mwanasesere nimemfuta uso, nimemrudisha kitandani kwake.

~~Nimeenda kazini, nitarudi saa kumi.~~

Nimeenda kwa miguu kumwambia msimamizi atafute dereva mwingine. Funguo za basi ziko chini ya sahani ya bluu. Dereva huyo akija, mpe. Nikija mimi kuzibembeleza, usinipe.

Baba Watoto