Inchi Moja na Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaja na kopo. Vidonge vya kupunguza mwili, kifuniko cha kijani, picha ya jani. "Asilia tupu, wifi yangu. Meza viwili kwa siku, halafu utaniambia." Ameanza kuviuza, na mimi ndiye wa kwanza kupewa. Bure! Wifi huyu nitamkatalia kwa mdomo gani? Pacha walipozaliwa nikawa hoi kitandani, nani alifua nepi wiki sita? Yeye. Aliacha shughuli zake akahamia kwetu na kikapu kimoja. Nikikumbuka bado nalengwa na machozi.

Mzani sina. Sisi mafundi cherehani mzani wetu ni futi. Nimezungusha futi yangu mpya ya njano kiunoni: inchi arobaini kamili. Baba watoto kachungulia, kasema kiuno hakina tatizo, tatizo ni mlango mwembamba. Hana adabu yule!

Jumapili, 23 Machi

Thelathini na nane na nusu!!

Nimepima mara tatu. Futi ya njano haionekani tangu wiki jana – nashuku pacha – kwa hiyo nimetoa kwenye droo ile ya kitambaa niliyojifunzia kazi. Inchi moja na nusu kwa wiki tatu! Sketi yangu ya kijivu bado inabana, lakini ile niliiloweka kwenye maji ya moto, itakuwa imesinyaa.

Nikampigia wifi. Kapiga kelele mpaka simu nikaiweka mezani. Ahsante, wifi. Tena na tena.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekuwa tangazo. Wifi analeta wateja wa vidonge hapa kazini, ananitoa nyuma ya cherehani, ananizungusha. "Mwoneni huyu! Inchi moja na nusu, kapima mwenyewe, na ni fundi!" Leo walikuja watatu, wote wakabeba makopo. Nikatabasamu kama bi harusi. Utamu wa kusifiwa jamani.

Yeye mwenyewe hajapungua hata chembe. Anasema mwili wake mbishi, kwa hiyo wiki ya pili sasa anameza vinne badala ya viwili, anifikie. Alionekana kachoka. Kakaa kwenye kigoda, kachukua rula yangu ya kukatia akawa anajikunia mgongo. Rula ya kukatia! Nikamnyang'anya, tukacheka.

Ijumaa, 4 Aprili

Bibi Miwani – mfamasia wa duka la dawa la pale kona – karudisha koti jeupe nililomshonea juzi. Halifungi. "Fundi, mimi sijanenepa," kasema. Moyoni nikasema wote husema hivyo. Nikampima kwa futi ya kitambaa: sawasawa na daftari langu la vipimo. Nikapima koti kwa rula mezani: sawasawa na daftari. Na kifungo hakifiki kwenye tundu!

Yeye ndiye aliyeichukua futi yangu akailaza kando ya rula. Rula ilipofika arobaini, futi ilikuwa inasoma thelathini na nane na nusu. Imevutika! Miaka yote ile ya kuvutwa. Na mimi nimempima mtu kwa futi na kukata kwa rula. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Kisha nikashtuka. Kiuno changu! Sikupungua hata uzi mmoja.

Nikamwambia yote, aibu imenijaa. Hakunicheka. Kanieleza taratibu, miwani ikimteleza puani. Ukitaka kujua dawa inafanya kazi, kasema, unachukua watu wengi, nusu unawapa dawa, nusu kidonge kisicho na dawa kinachofanana nayo, na hakuna anayejua kapewa kipi. Mwisho wote unawapima kwa kipimo kimoja. Vidonge vingi vya kupunguza mwili vikijaribiwa hivyo, tofauti huwa kidogo sana au hakuna. "Wewe ulikuwa mtu mmoja na futi mbili," kasema. Hapo nikacheka mwenyewe.

Akasoma kopo. Nikamwambia hiyo ni asilia. "Uyoga wa sumu nao ni asilia," kajibu. Dondoo la majani ya chai lililoandikwa pale, kasema, likiwa kali namna ile limewahi kuumiza maini ya baadhi ya watu, na makopo mengine hukutwa na vitu ambavyo hayakuviandika. Kaniuliza kama nasikia uchovu, mkojo kuwa kama chai nzito, mwili kuwashwa. Mimi hapana.

Kuwashwa.

Nikaitazama rula.

Jumamosi, 5 Aprili

Wifi hashiki simu. Alituma ujumbe: kalala, kachoka tu, tuonane Jumatatu. Ningekwenda. Sikwenda. Nilishona koti la Bibi Miwani upya na kujidanganya kwamba kazi imenibana. Naogopa. Nitamwambiaje kwamba shahidi wake ni mwongo?

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwenda. Kafungua mlango, na weupe wa macho yake umeingia unjano. Nikasahau hotuba yote niliyopanga. Nikatoa futi zote mbili – ile ya njano imepatikana ndani ya buti la pacha – nikazilaza kitandani kwake.

Kazilinganisha kwa kidole, inchi kwa inchi. Kisha: "Kwa hiyo mimi namfukuzia mtu ambaye hajaondoka alipokuwa?" Kacheka, kicheko kikageuka kilio. Kasema nimemwaibisha mbele za watu. Kweli. Halafu akashika simu, akawapigia wale wanawake watatu mmoja mmoja: acheni kumeza, nileteeni makopo. Nimemwona mtu mkubwa leo.

Nikampeleka duka la dawa; Bibi Miwani katuandikia barua ya hospitali na kutuagiza twende na kopo. Hata koti hajaja kuchukua. Huyu naye nitamlipa nini!

Jumanne, 8 Aprili

Hospitali. Naandikia magotini. Wametoa damu kupima ini, tunasubiri majibu. Wifi kaegemea bega langu, mzito, na sitaki asogee. Wiki sita za nepi – mimi nimekaa benchi saa mbili tu.

Kopo liko mapajani mwake. Mama mmoja aliyekaa pembeni analitazama tangu tufike. Sasa kashindwa kuvumilia, kainama: eti hivyo vinapunguza kweli? Anasema katafuta sana kitu cha kumsaidia.

Wifi kafumbua macho yale ya njano. Kanisukuma kwa kiwiko. "Mwambie wewe, wifi. Si wewe ndiye shahidi wangu?"

Muuguzi katokea mlangoni na karatasi, anaita namba yetu. Wifi kanipa mkono nimwinue. Na yule mama bado kaninyooshea shingo, anangoja –