Mpaka Barafu Iyeyuke Mkononi

Papa Mwamba,

Wewe ulinijibu ndani ya siku mbili, kama karatasi yangu ilivyodai. Mimi nimechukua miaka kumi na moja. Miguu imevimba, na daktari amekwisha kuacha kunidanganya. Kwa hiyo nakuandikia leo, nikiwa bado naweza kushika kalamu.

Nianze na habari za kiwanda. Bado tunagandisha barafu. Umeme wa bwawa la Bendera unakatika kama zamani, na ukikatika, kina mama wanaonunua barafu ya samaki wanatutukana vilevile, na matusi yao hayajapungua utamu. Mwanangu Didier ndiye direkta sasa, mkuu wa kiwanda. Na mwanao Riziki, uliyekuwa ukimpelekea vipande vya barafu ndani ya kopo avinyonye, anasimamia mashini yako. Ana pua yako. Ana hata ukimya wako, ule wa kumuuliza mfanyakazi swali kisha kungoja.

Nilikuwa nauchukia ukimya ule. Mfanyakazi mgeni akija kukuuliza kwa nini mashini inanguruma vibaya, ulikuwa unaokota kipande cha barafu, unakifumbata, unamwambia, "Wewe unawaza nini?" Kisha unanyamaza. Hukumpa jibu mpaka kipande kiyeyuke chote na maji yadondoke kati ya vidole. Mara nyingi kabla hakijaisha, mtu alikuwa amekwisha kuona mwenyewe kasoro iko wapi. Siku moja nilipita nikasema mbele yao kwamba sisi tunauza barafu, hatulipwi kuitazama ikiyeyuka. Walicheka. Wewe pia ulicheka, ukapangusa mkono kwenye suruali. Mimi nilikuwa na jibu la kila swali, na hilo ndilo niliita uongozi. Hata balbu ikiungua, haikubadilishwa kabla sijaulizwa.

Halafu ukanusa gesi ya kugandishia ukasimamisha mashini bila kuniuliza. Tulitafuta inapovuja, hatukuona. Barafu ya siku mbili ikawa maji. Kesho yake kwenye rapo, mkutano wetu wa asubuhi, nilikusimamisha mbele ya wote, wewe uliyenizidi mvi, nikakuuliza, "Leo direkta njo nani, mimi ao wewe?" Ukajibu, "Njo wewe, Papa." Nikakukabidhi dimandi, ile karatasi ya kumtaka mfanyakazi aliyekosa ajieleze kwa maandishi. Ulijieleza, kurasa mbili, kwa mwandiko wako wa shule ya misheni. Nilitia sahihi juu yake kuonyesha kwamba nimeisoma, nikaiweka kabatini. Sikuwa nimeisoma.

Sasa nimefika pale ninapoogopa.

Nilikuwa safarini Kongolo, kwenye kilio cha msiba wa dada yangu. Ulinipigia simu mchana, tumekaa uani na wakwe zetu. "Papa Direkta, ile harufu imerudi. Niko naomba ruhusa nisimamishe." Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini wakwe walikuwa wananitazama, na nilitaka wasikie kwamba kule kiwandani Kalemie hakuna kinachotembea bila mimi. Nikakuambia, "Usiguse kitu. Uningojee." Kisha ukasema, "Sawa, Papa."

Hukugusa. Uliwatoa wenzako wote nje, ukabaki ndani peke yako kuichunga mashini, mpaka bomba la gesi lilipopasuka.

Kaburini niliomba nafasi ya kusema. Nilisema ulikuwa mtu mwaminifu, lakini siku ile ulichelewa kuamua. Mama Riziki alisimama mbele yangu, mtoto amemshika kitenge. Mtu niliyemwaibisha kwa sababu aliamua, nilimzika kwa kusema hakuamua. Habari ya simu hakuna aliyeijua, na mimi sikuitaja. Mama Riziki naye amekwisha kukufuata huko. Alikufa akiamini mume wake alizubaa. Sijui kama umemweleza. Sijui kama huko mnaelezana mambo ya namna hii.

Karatasi yako niliisoma juma moja baada ya maziko, mlango wa biro, ofisi yangu, nimeufunga. Uliandika: "Maji yaliyoyeyuka tutayagandisha tena kesho. Muntu hatuwezi. Naomba kila mwenye zamu aruhusiwe kusimamisha mashini, na siku akikosea aulizwe alinusa nini, asiulizwe nani alimupa ruhusa." Nililia, Papa Mwamba. Kisha nikapangusa uso, nikairudisha kabatini, na kanuni ya kukataza kusimamisha mashini bila ruhusa yangu nikaiacha ukutani kama ilivyokuwa. Kama ningeiondoa, watu wangeuliza kwa nini.

Jumatano iliyopita Didier alikuja hapa nyumbani na karatasi, nimsahihishie Kifaransa chake. Riziki amesimamisha mashini bila ruhusa, kwa sababu ya harufu. Wametafuta, hawakuona kitu. Barafu imeyeyuka, wavuvi wamekasirika, na Jumatatu kwenye rapo anataka kumpa dimandi mbele ya wote. Nilianza kusoma, nikaona ninaijua kila sentensi kabla sijaifikia. Alikuwa ameikuta nakala ya dimandi yako kabatini akaifanya mfano. Alibadilisha tarehe na jina la kwanza. Jina la Mwamba aliliacha, maana Riziki naye ni Mwamba.

Nilivua miwani. Nikamweleza yote: simu, wakwe, maneno ya kaburini. Akasema, "Papa, ukisema hayo mbele ya watu, nani atatusikiliza tena pale?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama nilivyomlea.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kama kawaida yangu. Nikalimeza. Nikamwomba aniletee kipande cha barafu kutoka jikoni, nikakifumbata, nikamuuliza, "Wewe unawaza nini?"

Baridi ilipanda mpaka kwenye mifupa ya kiwiko. Sikujua kwamba inauma hivyo. Miaka yote ile nilidhani ulikuwa unapoteza wakati, kumbe ulikuwa unavumilia. Kipande kiliisha, maji yakalowesha shuka. Didier alisimama, akachukua kofia yake, akaenda. Lakini karatasi aliiacha mezani. Mpaka sasa iko pale. Sijui ameiacha kwa sababu amenielewa, ao kwa sababu atachapa nyingine.

Sitangoja kujua. Kesho ni Jumapili. Baada ya misa nitamwomba Riziki aje hapa, nimwambie yeye kwanza, maana haki yake inatangulia ya kiwanda. Nitampa kurasa zako mbili azishike mwenyewe. Anaweza kunilaani. Anaweza kunipeleka mbele ya sheria, na mwanangu pamoja nami. Kufa siogopi tena kama ninavyoyaogopa macho yake, kwa kuwa ni yako. Na Jumatatu watanibeba na kiti mpaka kwenye rapo. Nitasema mbele ya wote nani alikuambia ungojee, na nitamwomba Didier, mbele yao, aitoe ile kanuni ukutani. Kama atakataa, angalau watajua iliua nani.

Nakuahidi jambo moja zaidi. Nikimaliza kumwambia Riziki, sitajitetea. Sitamweleza habari za wakwe, wala za kilio cha dada yangu. Nitanyamaza, hata ukimya ukiniuma kuliko ile barafu, mpaka yeye aseme anawaza nini.

Kwaheri, Papa Mwamba. Ulisema "Sawa," ukaningojea. Njia yangu imebaki fupi. Nikifika, usisimame kama ulivyokuwa unasimama nikiingia. Kaa. Nitasimama mimi, na wewe ndiye utakayeuliza.

Leonardi, niliyekuambia uningojee.