Kinga Yenye Haina Fasi ya Gunia

Baba Ngoie,

Leo sikusalimii. Nimekasirika. Umelala kule ku makaburi ya misioni, umenyamaza vizuri, na minyi huku nimebakia na mambo yako. Miaka makumi ine na moja nililala pembeni yako. Nilifua mashati yako, nilikanda mugongo yako na mafuta ya mawese. Na njo sasa, mwaka muzima kisha kukuzika, nasikia ku kinywa ya fundi muntu gani alikuwa mu nyumba yangu.

Ngoja nikuelezee.

Unajua desturi ya kwenu. Siku ya kumaliza kilio, ndugu zako baligawanya bintu yako. Kaka yako Banza alikamata ile kinga nyeusi, baiskeli yenye ulikuwa unabebea makala kutoka njia ya Kabongo. Sikubisha. Kisha balinisimamisha katikati ya kiwanja, baliniuliza kama kwiko kintu ya marehemu imebakia kwangu. Nikaapa mbele yabo yote. Nilisema: hakuna, hata sindano. Unajua mwanamuke mwenye kuficha kintu ya marehemu banamufanya nini. Hata mayi ya kunywa hawamupatie tena.

Sasa juzi nilienda kwa fundi Umba, pembeni ya soko, kununua kinga mupya. Nilienda na Numbi, mujukuu yetu. Anasoma uuguzi ngambo ya reli, kila siku na miguu, viatu vinakwisha. Na mahindi yangu pia iko inangoja mu shamba. Nikachagua sawa vile ulinifundisha: nikapiga magurudumu teke, nikainua moja moja, nikakalia kiti. Nikasema, hii ya buluu. Umba akaanza kazi yabo, maana kinga mupya hapa Kamina haitoke kwa fundi sawa vile ilitoka mu kartoni. Chuma ya pili ku uma ya mbele, fasi ya gunia ya fero, bile vyuma ya kujengea nyumba, mupira ya kuzungusha ku mwili ya kinga. Nikamwambia achome ile chuma mara mbili, mahindi yangu haiko manyoya.

Njo Umba akaniuliza, "Mama Ngoie, na ile ingine?"

"Ingine gani?"

Akaingia ndani, akatosha gunia yenye ilikuwa inaifunika. Ee Vidye, Mungu yangu! Kinga nyembamba sawa muntu ya homa. Magurudumu kama uzi. Mikono ya kushikilia imepinda sawa pembe ya kondoo dume. Kinga ya mbio, ya bale bazungu banavaaka kaptula ya kubana ku televizyo.

"Ni ya bwana yako," Umba akasema. "Aliijenga hapa, kipande kwa kipande, miaka tatu."

Nikafungua kinywa, na kintu ya kwanza ilitoka ni hii: "Na itabeba nini?"

Umba akaangalia chini. "Alisema njo neno utauliza."

Baba Ngoie. Nilikaa chini pale pale, mu mafuta meusi ya minyororo, na kikwembe yangu, kitenge ya Pasaka.

Akanieleza yote. Chuma ya mwili ya ile kinga ilikuya na treni kutoka Lubumbashi. Munyororo ulipata kwa mufanyabiashara wa Bukama. Kiti ulipima na kamba, kutoka kiuno yako mupaka kisigino. Na kitambaa nyekundu yenye ulizungusha ku zile pembe, ulizungusha weye mwenyewe. Nikaiangalia ile kitambaa. Ni kilemba yangu! Ile yenye nilisema Mama Kalenga ameniibia ku kamba ya nguo! Nilimutukana mbele ya kanisa, wiki mbili hatukusalimiana, na weye ulikuwa unakula ugali na unaitikia, "Ee, dunia imekuwa mubaya." Mwanaume bila haya! Yana nimeenda kumuomba Mama Kalenga samahani. Amenicheka mupaka akakohoa.

Nikamuuliza Umba kama uliipanda. Akasema mara ine, siku ya Mungu, wakati bamama tulikuwa ku mukutano ya kanisa. Ulienda mupaka njia ya uwanja wa ndege na kurudi, ukicheka peke yako. Na mu nyumba uliniambia unatoka kutembelea bagonjwa! Bagonjwa gani? Kisha kifua ikakukamata kweli, na mara ya tano haikufika.

Umba akasema, "Iache kwangu, Mama. Hakuna mwenye kujua." Numbi alikuwa ameshika kiti yake, macho yake hayatoki. Na minyi pia, nisikudanganye, nilikuwa nimeanza kuitaka. Lakini niliapa. Weye ulinifanya mwizi bila kuniuliza. Kama Banza angesikia ku bantu, jina yangu ingekufwa mbele minyi mwenyewe nikufe.

Nikaisukuma mwenyewe, muchana, mu katikati ya soko. Bale bauza dagaa bakanipigia kelele, "Kambo, mama muzee, unaenda mashindano?" Nikabajibu, "Naenda kukamata wa kwanza, kisha mutauzishia samaki yenu nani?"

Kwa Banza niliita bibi yake na batoto yake yote batoke. Nikasema, "Nilisema bongo, uongo, bila kujua. Kintu ya marehemu njo hii. Kamateni, musiseme tena jina yangu."

Banza akaizunguka mara mbili. "Gunia inakaa wapi?"

Umba, mwenye alitufuata, akamwambia hakuna fasi. Ukichoma ile chuma na moto inayeyuka, ni aluminiyumu.

"Chuma gani inaogopa moto?" Akaiinua na vidole mbili. Akacheka mupaka machozi. Bibi yake akasema hata kuku moja haiwezi kubeba. Kisha Banza akaacha kucheka. Akaishika tu, imeinuka mu mukono yake.

"Mudogo yangu alikuwa anataka hii?"

Nikamwambia, "Hata minyi njo nimesikia kwa Umba."

"Irudishe kwako, Mama Ngoie," akasema, bote banasikia. "Hapa tutaivunja tu."

Basi, jina yangu iko safi. Umba ameshusha kiti mupaka mguu ya Numbi, amesogeza zile pembe karibu, ameweka mipira kidogo munene sababu ya mashimo ya njia yetu. Alitaka kubadilisha kitambaa. Nilimupiga mukono.

Asubui ya leo Numbi ameipanda ku njia ya uwanja wa ndege. Nilisimama ku majani. Akainama, akapita, haina kelele, haina kintu nyuma yake. Baba Ngoie, nimeshtuka mupaka nimeshika mudomo. Mu maisha yangu yote sijaona muntu wa kwetu anapita ku kinga bila kubeba kintu. Weye ulibeba makala, ulibeba mahindi, ulinibeba minyi na tumbo ya Ngoie mupaka maternité, kule ku kuzalia. Na siku moja, hata moja, sikukuuliza unataka nini.

Lakini kwa nini haukusema? Ungesema! Ningepiga kelele wiki moja. Kisha ningekushonea kaptula.

Sasa lala. Nakuahidi, wakati nikiwa na pumzi, hakuna muntu atafunga hata kifungu ya sombe, majani ya muhogo, ku ile kinga. Atakayejaribu nitamupiga na mwiko, hata akiwa Numbi. Mahindi itapanda ile ya buluu. Na kama kwiko kintu ingine umeficha kwa fundi mwingine, nitumie ndoto mbele ya minyi kusikia ku bantu.

Wafwako, aksanti, bwana yangu.

Bibi yako,
Mama Ngoie