Picha Ile Niliyovaa Nguo ya Wajapani

Brooklyn Center, Minnesota
Agosti 2016

Mama yangu,

Shikamoo. Najua utasema hiyo ni salamu ya kambini, ya kule Tanzania, lakini ndiyo iliyonishika ulimini, na huku sina mkubwa wa kumpa. Miguu inaendeleaje? Na presha? Umeacha chumvi kweli, au bado unaficha kikopo chini ya kitanda? Sisi tu wazima. Mjukuu wako Neema ameshanipita kwa urefu. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu ananijibu kwa Kiingereza.

Barua hii nimempa mke wa mchungaji wetu. Yeye ameshapata uraia wa Marekani, anakuja Kongo, hapo mjini Baraka, kumwona kaka yake. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu hupokei, wiki ya tano sasa. Esther, mdogo wangu, msomee mama yote, usiruke mahali.

Mama, najua kilichokuudhi ni ile picha. Neema aliirusha kwenye grupu ya familia bila kuniuliza, mimi nimesimama mbele ya hekalu huko Japani, nimevaa nguo ya maua, nacheka. Na maneno yako yamenifikia: "Kumzika baba yake alishindwa, kwenda kujipamba kwa Wajapani ameweza." Uliyasema mbele ya mama zote wa kwaya. Nisikudanganye, nilikasirika, nikafua nguo siku nzima kwa hasira. Halafu nikajiuliza, ningekuwa wewe ningesemaje? Ningesema hayo hayo.

Sasa nisikilize. Baba alipofariki mwezi wa nne, sikuwa na karatasi yoyote ya kunivusha mpaka. Kile kitabu cha safari wanachopewa wakimbizi kilinifikia mwezi wa sita, baba ameshalala kaburini. Na hata hicho, wakili alinieleza taratibu kama anayemweleza mtoto: nenda nchi unayotaka, ila ile uliyoikimbia usiikanyage. Ukiikanyaga, watasema kumbe hukuwa unaogopa kitu, na ukimbizi wako unaweza kuvunjwa, wewe na mtoto. Yaani dunia yote nimefunguliwa, nimefungiwa kwetu tu. Nilitoka pale nikakaa kwenye kituo cha basi, mabasi matatu yakanipita.

Japani nilikwenda kwa kazi. Yule bibi ninayemtunza kule Maple Grove, Bibi Kimiko, ni Mjapani aliyeolewa na Mmarekani akiwa msichana. Ana miaka themanini na kitu, anatembea kwa kiti cha magurudumu. Alitaka kumwona dada yake kabla hajafa, akasema bila mimi, Riziki, haendi. Mwanawe akalipa yote. Ningekataa, angetafutwa mwingine, na kazi ingekwisha.

Tulifika mji mmoja wa zamani unaitwa Kyoto, joto la kukukaba koo. Kule wageni wanakodi nguo za kienyeji kwa siku moja, wanazunguka nazo kwenye mahekalu, jioni wanarudisha. Bibi Kimiko akaniambia, "Leo na wewe utavaa." Nguo yenyewe ni ya pamba, ya majira ya joto, wanaiita yukata. Ni kama kanzu iliyopasuliwa mbele, unaikunja mwilini halafu unafungwa mkanda mpana. Mama, makalio yako uliyonirithisha yaliwatesa wale watu! Walileta ya kwanza, ya pili, mpaka wakaenda kuchukua ya mwanamume mnene.

Mvishaji, mama mmoja mzee, akaniacha nyuma ya pazia, akaenda kutafuta mkanda wa kunizunguka. Mimi nikajisemea, nani wa kunifundisha nguo ya kukunja, mimi niliyefunga kikwembe kiunoni tangu sijaota matiti? Nikaikunja ulivyonifunza wewe, upande wa kulia ukakaa juu ya wa kushoto, nikakaza, nikatoka kwa maringo.

Yule mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akanikimbilia, akaifungua upesi, huku akiinama na kuomba radhi, na mwenye kosa ni mimi! Bibi Kimiko akanieleza: aliye hai huweka upande wa kushoto juu. Wa kulia ukiwa juu, ni maiti anayekwenda kuzikwa.

Nilicheka kwanza. Halafu kicheko kikageuka, nikalia, Mama, nililia kama siku ile Neema aliponipigia kazini kusema babu amefariki. Nimesimama katikati ya duka na gauni la ndani, wageni wananitazama. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Baba alivishwa, na sijui alivishwa nini. Sikumfunga hata kifungo kimoja. Asiyekuwepo na lake halipo, nayajua hayo, lakini baba ni wangu.

Walinivisha upya vizuri, Bibi Kimiko akanishika mkono, tukatoka. Hekaluni watalii wakawa wananipiga picha mimi badala ya hekalu. Viatu vya mbao, nguo imebana, nakwenda hatua za kuku aliyefungwa miguu huku nasukuma kiti. Hapo ndipo Bibi Kimiko alipiga ile picha. Esther, ivute kwa vidole iwe kubwa, mwonyeshe mama macho yangu. Yale si macho ya mtu aliyekwenda kustarehe.

Kesho yake tulifika kwa dada yake. Njiani Bibi Kimiko akaniambia mama yao alikufa yeye akiwa Minnesota, habari zikamfikia kwa barua, maziko yamepita. Miaka yote hiyo aliona aibu kumwuliza dada yake, mama tulimzika na nguo gani. Sasa akamwuliza. Yule dada akatabasamu, akamwuliza, "Wewe ni nani?" Kumbukumbu zimemtoka. Na wengine waliokuwepo wamekufa wote. Bibi Kimiko akaniomba nimsukume turudi hotelini.

Mama, kiangazi kijacho nitaomba likizo, nije mpaka Kigoma. Wewe vuka ziwa unikute, mimi siruhusiwi kuvuka. Ukitaka kunichapa, unichape huko. Nisalimie mama mdogo, fundi Amisi aliyechonga msalaba wa baba, na mama zote wa kwaya, hata waliokuitikia ulipokuwa unanisema.

Kama bado una hasira, kaa nazo, ni haki yako. Simu usipokee. Ila mwambie Esther aniandikie jambo hili moja: baba mlimvisha nini? Ile suti ya kijivu niliyotuma, ilimtosha? Na nani alimfunga vifungo?

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Riziki